Majitu mekundu, kromosfia na eksirei: maswali tunayoulizwa sana Malindi

Kaskazi ikishika, anga ya Malindi husafika na maswali huongezeka. Mengi huletwa na wanafunzi wa sekondari, machache na wageni wanaotembea pwani usiku, na yaliyo magumu kabisa huletwa na wavuvi, maana wao wanazijua nyota kwa mahali zinapochomoza na kuzama. Hapa nimekusanya yanayorudi sana kuhusu nyota kubwa nyekundu na mionzi yake. Sikuyapanga kwa ugumu, kwa hiyo anza unapotaka.

Jitu jekundu ni nyota ya namna gani?

Ni nyota iliyomaliza hidrojeni ya kwenye kiini chake. Jua letu bado linaunguza hidrojeni kwenye kiini na kuigeuza gesi ya heli, na ndiyo maana limetulia. Hidrojeni ya kiini ikiisha, kiini hujikaza na kupata joto zaidi, huku hidrojeni iliyobaki ikiungua kwenye tabaka linalokizunguka. Sehemu za nje hutanuka sana na kupoa, na nyota hugeuka rangi ya chungwa au nyekundu. Joto la usoni hushuka hadi nyuzijoto 4,000 hivi za Selsiasi au pungufu. Jua lina 5,500.

Ni zipi ninazoweza kuziona kwa macho nikiwa Malindi au Lamu?

Nyingi, na hapa tulipo tumebahatika, kwa sababu karibu na ikweta anga zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, zinatufikia.

Katikati ya Januari, saa 3 usiku, tafuta Kilimia juu ya kichwa, kisha telemka kidogo upande wa mashariki. Nyota ya chungwa utakayoikuta ni Dabarani, ambayo ramani nyingi huiandika Aldebaran. Iko umbali wa miakanuru 65 hivi (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja) na upana wake ni mara 44 hivi ya Jua. Usiku huohuo Ibuti la Jauza, yaani Betelgeuse, iko mashariki zaidi, nayo Ayuki, yaani Capella, inaonekana upande wa kaskazini ikiwa chini kidogo. Ayuki ni ya manjano, lakini ishike akilini, tutaihitaji.

Juni ni zamu ya Simaki, au Arcturus, iliyo miakanuru 37 kutoka kwetu. Julai, kama mawingu ya kusi yakikuruhusu, Kalbu ya Akrabu, yaani Antares, inasimama juu kabisa. Novemba angalia Diphda, nyota ya mkia wa kundi la nyota liitwalo Nyangumi, ambayo watu huipita bila kuitazama kwa sababu haina majirani wang'aavu. Kwa mada yetu hiyo ni nyota ya maana sana.

Kromosfia ni nini? Na korona?

Ile sura ya Jua tunayoiona kila siku ni fotosfia, tabaka ambalo mwanga wa kawaida unatokea. Juu yake kuna kromosfia, tabaka la gesi nyepesi lenye unene wa kilomita 2,000 hivi, na juu ya kromosfia kuna korona, ambayo ni hewa nyembamba mno iliyoenea mbali.

Kwa kawaida mwanga wa fotosfia huyafunika matabaka hayo mawili. Jua likipatwa lote, kwa sekunde chache hutokea ukingo mwekundu: hiyo ni kromosfia, na wekundu wake ni wa hidrojeni. Waliokuwa Turkana tarehe 3 Novemba 2013 walipata nafasi hiyo, ingawa kwa muda mfupi sana. Sisi wa pwani siku hiyo tuliona jua lililomegwa tu. Elementi ya heli yenyewe ilijulikana kwanza kwa kuchunguza mwanga wa pembeni mwa Jua mwaka 1868, kabla hajatokea mtu wa kuipata duniani.

Mwalimu, ukiondoka penye moto si unapata baridi? Mbona korona ina joto kuliko uso wa Jua?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na kila mara huulizwa na mtu anayedhani ameuliza la kitoto. Fotosfia ina nyuzijoto 5,500. Ukipanda, joto linashuka hadi kama 4,000 chini ya kromosfia, halafu linageuka na kupanda: 10,000 na zaidi juu ya kromosfia, kisha ghafla milioni 1 na zaidi katika korona.

Joto la kawaida haliwezi kutiririka kutoka baridi kwenda moto, kwa hiyo lazima nishati ipandishwe kwa njia nyingine. Njia zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza ni mawimbi. Gesi ya Jua inachemka chini ya uso, na mchemko huo unatuma mawimbi ya sauti juu. Gesi inavyozidi kuwa nyepesi ndivyo mawimbi yanavyozidi kuinuka, mpaka yanavunjika na kuacha nishati yao pale, kama mawimbi ya bahari kuu yanavyoinuka na kuvunjika yanapofika kwenye mwamba. Hayo yanatosha kupasha sehemu ya chini ya kromosfia. Hayatoshi kupasha korona.

Ya pili ni sumaku. Kuzunguka kwa nyota pamoja na mchemko wake huzalisha uga wa sumaku, ambao hutokeza juu kwa umbo la matao. Matao hayo husukwa na kusokoteka na gesi iliyo chini yake, na nishati inayokusanyika humo hufunguliwa juu, ama polepole au kwa mlipuko. Ndani ya matao hayo gesi ya nyuzijoto milioni inashikwa isitoroke. Gesi yenye joto kiasi hicho hung'aa kwa eksirei.

Kwa hiyo mtu akikwambia nyota fulani ina korona inayotoa eksirei, amekwambia pia kwamba nyota hiyo ina sumaku inayofanya kazi.

Kromosfia ya nyota ya mbali inaonekanaje, na nyota yenyewe ni nukta tu?

Kwa kuutawanya mwanga wake. Katika spektra ya nyota, yaani utepe wa rangi unaopatikana hivyo, kuna mistari miwili myeusi mipana ya kalsiamu, karibu na mwisho wa zambarau, kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 393 na 397. Huitwa K na H. Nyota ikiwa na kromosfia yenye shughuli, katikati ya kila mstari mweusi hujitokeza mwanga mwembamba. Weusi unatoka chini, kwenye fotosfia, na ule mwanga wa katikati unatoka juu, kwenye gesi iliyopashwa moto upya.

Olin Wilson, mtaalamu wa kituo cha kutazama nyota cha Mount Wilson huko California, alianza mwaka 1966 kupima mwanga huo katika nyota nyingi, mwaka baada ya mwaka, na kazi hiyo ikaendelea hata baada yake. Ilionyesha kwamba nyota nyingine nazo zina mizunguko ya shughuli kama ule wa miaka 11 wa Jua. Kabla ya hapo, mwaka 1957, yeye na Vainu Bappu wa India walitangaza jambo ambalo hadi leo hunistaajabisha: kadiri nyota ilivyo kubwa na yenye mwanga mwingi, ndivyo ule mwanga wa katikati ya mstari wa K unavyokuwa mpana. Ukipima upana huo, unajua nyota ina nguvu kiasi gani, na kutoka hapo unakadiria umbali wake.

Haya yanahusiana vipi na Ngomeni?

Sana. Ukitoka Malindi kwa barabara ya Lamu, ukapita Mambrui na Gongoni, ukakunja kulia kupita mashamba ya chumvi, unafika Ngomeni. Ukisimama ufuoni unaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yake. Ni ya Waitaliano, na jukwaa la kurushia linaitwa San Marco. Kituo chenyewe leo kina jina la Luigi Broglio, mhandisi aliyekianzisha. Setilaiti zilirushwa pale kuanzia 1967 hadi 1988.

Hewa ya dunia inazuia eksirei zote zitokazo mbinguni, kwa hiyo lazima chombo kipelekwe juu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco ikiwa na setilaiti ya NASA ya kilo 140 hivi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei za anga. Ikapewa jina Uhuru, jina lililopendekezwa na msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend.

Kwa nini hapa? Watu hujibu haraka kwamba ni kwa sababu ya kasi ya mzunguko wa dunia kwenye ikweta, na ni kweli inasaidia roketi. Lakini kwa eksirei kulikuwa na sababu nyingine. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa eneo la Atlantiki ya Kusini ambako mkanda wa mionzi wa dunia, yaani chembe zilizonaswa na sumaku yake, umeteremka chini. Chembe za eneo hilo huvitia kelele vipimo vya eksirei. Kutoka Ngomeni, Uhuru iliingia moja kwa moja kwenye njia isiyopotoka ikweta zaidi ya digrii 3 hivi.

Ilikuwa ikijizungusha mara moja kila dakika 12, ikifagia anga. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Nimekutana na watu wazima wa Malindi wanaojua habari za mikahawa yote ya Kiitaliano mjini lakini hili hawalijui, na naona ni hasara.

Basi Uhuru iliziona korona za majitu mekundu?

Hapana. Vipimo vyake vilifaa eksirei kali na vyanzo vyenye nguvu: nyota nyutroni (masalio mazito mno ya nyota zilizolipuka), mashimo meusi, makundi ya galaksi. Korona za nyota ni dhaifu mno na eksirei zake ni laini.

Korona ya kwanza ya nyota isiyo Jua iliyopimwa kwa eksirei ni ya Ayuki, kwa chombo kilichopandishwa na roketi mwaka 1974. Ayuki ni majitu mawili ya manjano yanayozungukana kila siku 104. Eksirei zake zina nguvu zaidi ya mara elfu ya zile za Jua. Baadaye zikaja darubini za eksirei za angani, Einstein mwaka 1978 na ROSAT mwaka 1990, na mwaka 1999 zikaja Chandra na XMM-Newton, na nyota za kawaida zikaanza kuhesabiwa kwa maelfu.

Je, kila jitu hutoa eksirei?

La, na hapa ndipo mambo yanaponoga.

Mwaka 1979 wataalamu wa nyota Jeffrey Linsky na Bernhard Haisch walitazama majitu kwa setilaiti iitwayo IUE, ya urujuanimno, yaani mwanga uliopita zambarau ambao jicho halioni, iliyokuwa imerushwa mwaka mmoja kabla. Walitafuta alama za gesi ya nyuzijoto 100,000, ambayo hupatikana kati ya kromosfia na korona. Majitu ya manjano na ya chungwa hafifu yalikuwa nazo. Yale mekundu zaidi hayakuwa nazo, na mabadiliko hayakwenda kidogo kidogo: kulikuwa na mpaka karibu na aina ya K1, katika mpango wa kuzigawa nyota kwa joto na rangi, ambamo K ni nyota za chungwa. Miaka miwili baadaye darubini ya Einstein ikaonyesha mpaka kama huo katika eksirei.

Upande mmoja wa mpaka kuna Diphda na Ayuki, zenye korona za moto. Upande wa pili kuna Dabarani na wenzake: kromosfia zipo, tena nene, lakini eksirei hazionekani. Badala ya korona, nyota hizi zinapuliza upepo mzito, wa pole na wa baridi. Upepo wa Jua huenda kilomita 400 hivi kwa sekunde na hubeba kitu kidogo sana. Upepo wa jitu jekundu huenda makumi ya kilomita tu kwa sekunde, lakini unabeba maelfu ya mara zaidi ya ule wa Jua.

Kisha mwaka 1980 zikatajwa nyota chotara, zenye dalili za gesi ya moto na upepo wa baridi kwa pamoja. Moja, Alpha Trianguli Australis, unaiona Julai chini upande wa kusini. Hii inatoa eksirei, ingawa kwa rangi ungeitupa upande wa pili wa mpaka. Mimi huwaambia wanafunzi wauchukulie mpaka huu kama wa mafuriko, si wa ukuta: unajua uko wapi, lakini usisimike nguzo.

Kwa nini korona inatoweka?

Sababu ni zaidi ya moja na zinashikana.

Kwanza, mzunguko. Nyota ikitanuka mara 25, kasi yake ya kujizungusha huanguka vibaya. Jua hujizungusha kwa siku 25 hivi kwenye ikweta yake. Simaki huchukua kama miaka miwili. Mzunguko wa uvivu hivyo hauzalishi sumaku ya maana: uga uliopimwa kwenye uso wa Simaki haufiki gausi 1 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku).

Pili, uvutano. Simaki ina uzito unaokaribiana na wa Jua lakini umesambazwa kwenye mwili mkubwa, kwa hiyo uvutano wa usoni pake ni kama sehemu moja ya ishirini ya ule wa hapa duniani. Lile tao la sumaku ambalo kwenye Jua lingeishika gesi, pale halina msaada. Gesi ikipata msukumo kidogo inaondoka, na nishati ambayo ingeipasha moto inatumika kuisafirisha.

Tatu ni wazo la mtaalamu wa nyota Thomas Ayres na wenzake, na ndilo ninaloliona la kuvutia kuliko yote. Kwa kuwa uvutano ni mdogo, kromosfia ya jitu jekundu imevimba sana kwenda juu. Huenda matao mafupi ya moto yapo, lakini yamezama ndani ya kromosfia hiyo, na gesi iliyo juu yake inazimeza eksirei zisifike kwetu. Kama ni hivyo, korona haijafa, imefukiwa.

Sasa Simaki ina eksirei au haina?

ROSAT iliitazama ikatoka mikono mitupu. Ayres na wenzake wakairudia kwa Chandra na mwaka 2003 wakaripoti dalili ndogo mno, fotoni, yaani chembe za mwanga, za kuhesabika kwa vidole. Fikiria basi: nyota inayotoa mwanga mara 170 hivi ya Jua, lakini eksirei zake hazikaribii hata zile za Jua.

Na juu ya uso wake kuna gesi ya kaboni monoksidi, molekuli ambayo haiwezi kudumu penye joto kali. Kwa hiyo kwenye kimo kimoja kuna mahali pa moto na mahali pa baridi, bega kwa bega. Picha za vitabuni zinazochora matabaka kama maganda ya kitunguu zinadanganya kidogo, hasa kwa nyota hizi.

Mbona Diphda, ambayo nayo ni jitu la chungwa, inang'aa sana kwa eksirei?

Diphda ni nyota ya uzito wa karibu mara 3 ya Jua. Nyota za uzito huo huishi ujana wao zikizunguka kasi na bila mchemko mkubwa chini ya uso, hivyo hazipotezi mzunguko wake mapema kama Jua. Zinapotanuka, mchemko unaanza huku mzunguko ungali upo, na sumaku inaamka uzeeni. Majitu ya Ayuki nayo ni ya ukoo huohuo.

Kuna njia nyingine za jitu kubaki na nguvu. Likiwa na mwenzi wa karibu, mvuto wa mwenzi hulilazimisha lizunguke kwa mwendo wa wote wawili, siku au wiki chache tu badala ya miezi mingi. Jitu XX Trianguli ni la namna hii, na mwaka 1999 lilitangazwa kuwa na doa jeusi kubwa kuliko Jua zima, mara nyingi.

Na wakati mwingine eksirei si za jitu lenyewe. Chanzo kiitwacho GX 1+4, kilichomo kwenye orodha ya Uhuru, ni nyota nyutroni inayomeza upepo wa jitu jekundu. Hapo jitu ni mlishaji tu.

Ibuti la Jauza lilififia mwishoni mwa 2019. Ilikuwa kromosfia?

Kwa sehemu. Hilo ni jitu kuu, uzito wake mwingi kuliko majitu tuliyoyataja. Darubini ya angani ya Hubble ililipiga picha kwa urujuanimno mwaka 1995, na kromosfia yake ikaonekana imeenea hadi karibu mara mbili ya ukubwa wa nyota. Mwaka 2019, kati ya Septemba na Novemba, Hubble hiyohiyo iliona gesi nzito ya moto ikipanda kupitia kromosfia. Gesi hiyo ilipofika mbali ilipoa ikawa vumbi, na vumbi likatukinga mwanga hadi mapema 2020. Eksirei zake zimetafutwa kwa Chandra, na hazikupatikana.

Eksirei za nyota hizi zinaweza kutudhuru?

Hapana. Ziko mbali, na hewa inazizuia zote. Eksirei ya hospitali ni jambo jingine, muulize daktari.

Na Jua letu?

Litakuwa jitu jekundu baada ya miaka bilioni 5 hivi. Kwa uzito wake litafuata njia ya Simaki zaidi kuliko ya Diphda: sumaku inayozidi kuchoka, korona inayopotea au kufukiwa, na upepo wa baridi unaoondoka na sehemu kubwa ya mwili wake.

Nina darubini ndogo. Nitaona chochote katika haya?

Eksirei, hapana. Kromosfia ya Jua, ndiyo, kwa darubini maalumu ya Jua yenye kichujio cha mstari mwekundu wa hidrojeni, na usielekeze darubini ya kawaida kwenye Jua hata kwa sekunde moja.

Kwa nyota, nunua kile kioo kidogo chenye mikwaruzo midogo midogo kinachotawanya mwanga, ukifunge mbele ya jicho la darubini au kamera. Elekeza kwa Ibuti la Jauza usiku wa Januari, mbali na taa za mji. Mwambao wa Mambrui unafaa. Utaona utepe wa rangi uliokatwakatwa na mikanda ya giza upande wa nyekundu: hiyo ni titani oksidi, molekuli inayopatikana kwenye nyota baridi tu. Hamia Ayuki, na mikanda hiyo haipo. Mstari wa K wa kalsiamu hautauona kwa kioo hicho, uko zambarau mno na unataka spektroskopu kali zaidi. Uanze na titani.